Tangu nilipoitazama filamu ile, usingizi umenihama

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Moshi, Mkatoliki niliyebatizwa nikiwa mchanga, na kwa vipindi viwili nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Ninachokuandikia huenda wengine wakakiona kidogo, maana ni filamu tu, lakini kimeingia nyumbani kwangu kama moshi na sijui nifungue dirisha lipi ili utoke.

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye ana miaka 21 na anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, alikuja likizo. Jumamosi moja baba watoto alikwenda msibani Rombo akalala huko, nasi tukabaki wanawake watupu: mimi, binti yangu, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa ametutembelea kutoka Arusha. Binti akasema ana filamu ambayo wenzake chuoni wanaizungumzia sana, iitwayo The Magdalene Sisters. Kwa jina lile nilidhani ni habari ya maisha ya watawa, nikafurahi, nikasogeza viti ili sote tuone vizuri.

Haikuwa hivyo. Ni habari ya wasichana wa Ayalandi, mwaka 1964, waliofungiwa katika nyumba ya watawa na kulazimishwa kufua nguo za watu kutwa bila malipo. Masista wanawapiga, wanawanyoa, na kuna mahali wanawapanga mstari wakiwa uchi na kuwacheka miili yao. Nilisomeshwa na masista, Mshauri. Baba aliposhindwa ada ya mwaka wangu wa mwisho, wao ndio waliolipa, na nilipougua malaria sista mmoja alikesha nami usiku mzima akinikanda kwa kitambaa cha maji. Kwa hiyo kuyaona mavazi yale yale yakifanya mambo yale kulinitia kichefuchefu.

Lakini kuna sehemu mbili nikifumba macho naziona. Ya kwanza iko mwanzoni kabisa, harusini, ngoma inalia. Msichana mmoja amebakwa na binamu yake chumba cha juu, anarudi ukumbini na kumnong'oneza jamaa yake wa kike. Hatusikii maneno, kwa kuwa muziki unayafunika. Tunaona tu habari ikihama kutoka mdomo hadi sikio, mpaka kwa baba yake. Alfajiri baba anamwamsha, anamtia garini, anapelekwa. Mdogo wake wa kiume anauliza dada anakwenda wapi. Ya pili ni ya msichana aliyezaa kabla ya ndoa. Mama yake amekaa pembeni ya kitanda, naye anambembeleza mama amtazame mjukuu wake tu, amtazame mara moja, na mama hageuzi shingo. Kisha mtoto anachukuliwa.

Mtoto alipochukuliwa, mdogo wangu alisimama akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Maharage yalikuwa yameshaepuliwa kitambo. Hakurudi. Niliisikia sauti ya vyombo vikioshwa mpaka filamu ikaisha.

Sina budi kukueleza. Mwaka 1989 mdogo wangu alikuwa na miaka 16, yuko kidato cha pili, nami nina miaka 18. Alipata mimba ya mwanamume mwenye duka, mtu mzima mwenye mke. Alinieleza mimi peke yangu, usiku, tukiwa kitandani, na akaniomba nisiseme. Baba yetu alikuwa katekista. Nilikaa na siri ile siku nne, kisha nikamwambia baba. Nilijidanganya kwamba namsaidia. Keshokutwa yake baba alimpakia kwenye basi la alfajiri kwenda Tanga kwa shangazi, na kuanzia siku hiyo jina lake halikutajwa mezani. Alijifungua huko mtoto wa kiume, shangazi akamlea kama wake, na kijana yule hadi leo anamwita mama yake mzazi dada. Mdogo wangu hakuingia tena katika nyumba ile mpaka tulipomzika baba mwaka 2004. Mwenye duka aliendelea kuuza duka lake. Hatujawahi kulizungumza, na sina hakika kama anajua ni nani aliyesema.

Sasa nyumba imegawanyika. Binti yangu haendi Misa. Anasema hawezi kupiga magoti mbele ya Kanisa linalowachukia wanawake. Baba yake, aliporudi na kusikia, alisema filamu ile ni uongo mtupu wa wanaoupiga vita Ukatoliki, akapiga marufuku isitajwe tena. Mimi niko katikati. Usiku naamka saa nane, nakaa sebuleni gizani. Pengine namwonea mdogo wangu huruma, pengine namkasirikia: kwa nini hakurudi mwenyewe, wakati hakuna aliyemfungia mlango? Nimwambie nini binti yangu? Nimwambie nini mume wangu? Na huyu mdogo wangu, niliache jambo lake lilale, kwa kuwa miaka imepita mingi na kila mtu ameshapata maisha yake?

Mama mwenye dukuduku, Moshi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kukaa kuijibu. Masista wa filamu ile umewapa mistari michache, ingawa ndio waliokutia kichefuchefu. Baba anayeamsha binti alfajiri na mama asiyegeuza shingo umewaeleza kwa urefu, kama mtu aliyekuwamo chumbani. Nadhani unajua mwenyewe kwamba kinachokuamsha saa nane za usiku kimekaa Arusha. Nitafika huko. Lakini kwanza nikupe ya kumwambia mumeo na binti yako, kwa sababu wote wawili wameshika upande mmoja wa kitu kilicho na pande nyingi, nawe huwezi kusimama katikati yao ukiwa mikono mitupu.

Filamu uliyoiona ilitengenezwa na Mskoti Peter Mullan mwaka 2002, ikapata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, na gazeti la Vatikani likaishutumu vikali. Kwa hiyo mumeo si wa kwanza kusema aliyoyasema, na usimdharau kwa hilo. Ni mtu anayelipenda Kanisa lake na amesikia likitukanwa. Wahusika wa filamu wametungwa. Lakini nyumba zenyewe, zilizoitwa kwa jina la Magdalena, hazikutungwa. Zilikuwapo, zilikuwa na anwani, zilikuwa na wateja, na ya mwisho, iliyokuwa katikati ya jiji la Dublin, ilifungwa Oktoba 1996. Mwaka huo wewe ulikuwa mtu mzima wa miaka 25.

Mwambie mumeo kwamba hahitaji kuiamini filamu hata kidogo. Serikali ya Ayalandi yenyewe iliunda kamati baada ya Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso kuitaka, mwaka 2011, ichunguze habari za nyumba hizo. Ripoti ilitoka Februari 2013. Ilihesabu nyumba 10 zilizoendeshwa na mashirika manne ya watawa, na ikakuta kwamba tangu nchi ile ijitawale mwaka 1922 wanawake na wasichana wapatao 10,000 walipitia humo. Wengine walikuwa wamezaa nje ya ndoa, lakini wengi hawakuwa hivyo: walikuwamo yatima waliohamishwa kutoka shule za malezi, wasichana waliodhulumiwa nyumbani kwao, wenye ulemavu, maskini wasio na pa kulala, na waliotumwa na mahakama kwa makosa madogo. Walifua mashuka ya hoteli, ya hospitali na ya ofisi za serikali. Hawakulipwa mshahara. Wengi walipewa majina mapya mlangoni, milango ikafungwa kwa funguo, na aliyetoroka aliweza kurudishwa na polisi. Lililowaumiza wengi kuliko yote, kwa maneno yao wenyewe, ni kutoelezwa wameletwa kwa nini na watatoka lini. Wapo waliokaa miezi, na wapo waliozeeka na kufia humo humo.

Ripoti hiyo hiyo inampa mumeo kitu kidogo, nami sitakificha. Wengi wa wanawake waliozungumza na kamati walisema hawakupigwa kama inavyoonyeshwa katika filamu. Walichokieleza zaidi ni kazi ngumu, baridi, na maneno ya kudhalilisha yaliyorudiwa kila siku. Wapo manusura wengine na watetezi wao walioipinga ripoti, wakisema imepunguza makali ya yaliyotendeka. Ukimweleza mumeo na hilo, atakusikiliza zaidi, kwa kuwa ataona hukuja kumshinda. Kisha mwambie kilichofuata: tarehe 19 Februari 2013 waziri mkuu Enda Kenny alisimama bungeni, wanawake kadhaa wa nyumba zile wakiwa wameketi juu wakimtazama, akaomba radhi kwa niaba ya taifa zima, na mwishoni sauti ikamkatika. Wiki mbili kabla, ripoti ilipotoka, alikuwa amesitasita kuomba radhi kamili. Katikati ya siku hizo alikutana na wanawake wenyewe na kuwasikiliza. Serikali ikaweka mpango wa fidia. Mashirika manne ya watawa yalipoombwa kuchangia yalikataa. Hilo nalo limeandikwa, na linauma kulisema, lakini Mkatoliki anayelipenda Kanisa lake anapaswa kulijua kutoka kwa mtu wa nyumbani kwake, asije akalisikia kwa anayemcheka.

Liko jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilipolisoma nilifunga kitabu. Mwaka 1993 watawa wa High Park, mtaa wa Drumcondra pale Dublin, waliuza sehemu ya ardhi yao, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wanawake waliofia kazini. Walipata kibali cha kufukua miili 133. Ikafukuliwa 155. Kwa wengi wao hapakupatikana cheti cha kifo, na baadhi hawakujulikana hata majina yao kamili. Fikiria, mdogo wangu: mwanamke amefua mashuka ya mji kwa miaka 30 au 40, na siku ya mwisho hakuna karatasi inayosema aliitwa nani. Mambo haya ndiyo yaliyoanza kuifumbua midomo ya watu wa nchi ile.

Sasa binti yako. Usimburute Misani, na tafadhali usimtishe kwa laana. Ana miaka 21, ameona unyama uliofanywa kwa jina la Mungu, na moyo wake umekataa. Ungefurahi zaidi kama angetazama yale na kuomba chai? Hasira yake ni dalili kwamba ulimlea vizuri. Lakini hasira ikiachwa bila elimu huwa inapiga popote, na ana mengi ya kujifunza. Mwambie kwamba nyumba ya kwanza ya namna hiyo Dublin ilifunguliwa mwaka 1767 na bibi wa Kiprotestanti, Lady Arbella Denny, na kwamba kabla yake Waingereza walikuwa wameshafungua ya kwao London mwaka 1758. Ugonjwa huu hauna dhehebu moja. Mwambie pia kwamba serikali ilikuwa na mkono wake: kati ya walioingia ambao njia yao ilijulikana, zaidi ya robo walipelekwa na vyombo vya dola. Na wengine walifikishwa mlangoni na mapadri na jamaa zao wenyewe. Mtawa peke yake asingeweza kufunga mlango ule. Nchi nzima iliushika ufunguo, na wateja walipelekewa mashuka safi bila kuuliza ni mikono ya nani imeyafua.

Na kama bado yuko tayari kusikia habari za dini, mweleze habari ya Magdalena mwenyewe. Wasichana wale walibandikwa jina la mwanamke ambaye Injili haimwiti kahaba hata mahali pamoja. Luka anamtaja kama mwanamke aliyeponywa, aliyemfuata Yesu na kumhudumia kwa mali yake. Yohana anamtaja kama mtu wa kwanza kumwona akiwa amefufuka, aliyetumwa awapelekee wanaume habari. Papa Gregori wa Kwanza ndiye aliyemchanganya, katika mahubiri ya mwaka 591, na mwanamke mwenye dhambi wa sura ya saba ya Luka, na kosa lile likaendelea kwa karne nyingi, likachongwa katika sanamu na kupakwa katika michoro, hadi likawa jina juu ya mlango wa kufungia watu. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai iwe sikukuu, katika ngazi moja na ya mitume. Binti yako akilijua hili, huenda akaona kwamba mtu anaweza kusimama ndani ya Kanisa na bado akawa upande wa wale wasichana. Huenda asione. Mpeleke akazungumze na sista yule aliyekesha nawe ukiumwa malaria, kama yu hai. Amuulize maswali yote makali aliyonayo, nawe utoke nje ya chumba. Wema wa sista yule hauzifuti nyumba za Dublin, na nyumba za Dublin hazikifuti kitambaa chake cha maji. Huna haja ya kuviweka kwenye mizani.

Mengine ya filamu nitayapita upesi. Isitazamwe na watoto wadogo nyumbani. Usiirudie peke yako usiku, maana hutaona jipya. Na kama miezi miwili ijayo bado hulali, nenda hospitali ukaonane na daktari. Kukosa usingizi kwa muda mrefu ni maradhi kama maradhi mengine.

Nimefika Arusha.

Unauliza kwa nini mdogo wako hakurudi mwenyewe, wakati hakuna aliyemfungia mlango. Rudi kwenye filamu. Kuna siku yule msichana wa harusini anaukuta mlango wa bustani umesahauliwa wazi. Anatoka, anafika barabarani, gari linasimama, dereva yuko tayari kumchukua. Naye anageuka na kurudi ndani kwa miguu yake. Watazamaji wengi hukasirika pale. Lakini angekwenda wapi? Nyumbani kwa baba aliyempeleka? Mlango wa mdogo wako ulikuwa wa namna ile ile. Hakuwa amefungiwa Tanga. Nyumba yenu ndiyo iliyokuwa imefungwa kwake. Kila mlo uliopita bila jina lake kutajwa mezani ulikuwa ni kufuli, na miaka 15 ni milo mingi. Nakuomba uache kumkasirikia kwa hilo kuanzia leo.

Wala sikulinganishi na waliotenda makubwa. Ulikuwa na miaka 18 katika nyumba ya katekista, mwaka 1989, wakati msichana mwenye mimba alifukuzwa shule bila mjadala. Kumbuka kwamba serikali yetu ilikuja kutangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi katika shule zake mwezi Novemba 2021 tu, miaka 32 baada ya mdogo wako kukipoteza kidato chake cha pili. Baba yako alitenda kama wanaume wa heshima walivyofundishwa kutenda. Wewe ulibeba siri kubwa kuliko mabega yako. Yote hayo ni kweli, na ukweli huo ni wako wa kuupima moyoni. Usimpelekee yeye. Ukienda kwake na maelezo kuhusu jinsi ulivyokuwa mdogo na jinsi baba alivyokuwa mkali, utakuwa umemfanya yeye akufariji wewe, na mtu aliyeosha vyombo visafi jioni nzima ili asikuharibie filamu ameshafariji wengine vya kutosha.

Je, jambo hili lilale? Halijalala. Jikoni lilikuwa macho. Angekuwa amesahau, angebaki kitini.

Nenda wewe Arusha, usimwite aje. Usilizungumze kwa simu wala kwa ujumbe. Nenda siku ambayo hana biashara, uhakikishe mko wawili tu, na binti yako asiwepo, hata kama ameshaanza kukisia. Mweleze kwa sentensi fupi: usiku ule uliniomba nisiseme, siku ya nne nikamwambia baba, mimi ndiye niliyesema, nilikukosea. Kisha nyamaza. Usimwambie akusamehe, kwa sababu ukiomba jibu pale pale atalazimika kulitoa, na litakuwa jibu la adabu. Huenda akakuambia kwamba alijua siku zote. Huenda akalia, akakufukuza, au akakuuliza kama umekula. Lolote atakalochagua ni haki yake, nawe ulipokee ukiwa umekaa. Akitaka kuhadithia ya Tanga, msikilize mpaka mwisho na usimkatize kwa kusema hata sisi tuliteseka.

Kuhusu kijana wake, ambaye leo ni mwanamume wa miaka ya thelathini: neno la mama yake halisi si lako kulisema. Si kwake, si kwa shangazi, si kwa binti yako, na wala si katika sala za jumuiya. Ulishasema mara moja jambo ambalo halikuwa lako. Mwenye habari ni mdogo wako, na akiamua kuondoka duniani nayo, mwache aondoke nayo. Akiamua kuisema, muulize anataka usimame wapi, usimame hapo.

Kwa binti yako unaweza kuisimulia sehemu yako baada ya mdogo wako kukupa ruhusa, na ruhusa hiyo uiombe siku nyingine, si siku ile ya kwanza. Anadhani yale yalikuwa mambo ya wazungu na makanzu yao. Akijua kwamba mama yake, mwenye rozari mkononi, alikuwa mmoja wa wale walionong'ona ngoma ikilia, atakutazama kwa macho mengine kwa muda. Vumilia macho hayo.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niichague barua yako. Umenieleza mwanzo wa filamu kwa kinaganaga lakini hukuniandikia kwamba yule msichana wa harusini hatimaye anatoka kihalali, mchana, kwa mlango wa mbele. Anakuja kuchukuliwa na mdogo wake wa kiume, yule yule aliyeuliza alfajiri ile dada anakwenda wapi. Imepita miaka minne, mtoto amekuwa kijana, amekuja na karatasi mkononi kumdai dada yake. Dada hamrukii shingoni. Amechelewa, na wote wawili wanajua. Lakini wanaondoka pamoja.

Wewe uliitazama mpaka hapo. Mdogo wako alikuwa jikoni. Siku mkimaliza kuzungumza, akikuuliza filamu ile iliishaje, mweleze sehemu hiyo.